Urembo wa dari: Kagua paa kwanza, uza mpunga baadaye

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

MSIMU wa mpunga unapokwisha katika Bonde la Kilombero, fedha ya mkulima huwa na wenyewe wengi. Kuna ada ya shule, kuna deni la pembejeo, kuna trekta la kukodi msimu ujao, na kuna nyumba ambayo imekaa miaka miwili au mitatu ikiwa na mabati juu lakini ndani haina dari.

Katika kata ya Viwanja Sitini mjini Ifakara, kama ilivyo katika miji mingi inayokua hapa nchini, anayemalizia nyumba siku hizi haridhiki tena na bodi tupu. Anataka mikanda ya urembo kuzunguka sebule, anataka ua katikati ya dari mahali inaponing'inia taa, na mwenye uwezo zaidi huongeza ngazi mbili za jipsamu zenye taa zilizojificha ndani yake.

Hakuna ubaya kwa mtu aliyetoka jasho shambani kutaka sebule inayopendeza. Hata hivyo, urembo uliochaguliwa vibaya au kuwekwa kabla ya wakati wake unaweza kuharibika masika ya kwanza tu. Hapo mwenye nyumba hupoteza mara mbili: anapoteza mkanda alioununua, na anapoteza mpunga aliouuza kwa bei ya mavuno ili aununue.

Makala haya yanalenga kumsaidia mkulima na mfanyabiashara mdogo kuchagua mikanda ya dari itakayodumu katika hali ya hewa ya bonde letu, bila kula mtaji wa msimu unaofuata.

Si jambo geni

Wapo wanaodhani urembo wa plasta ndani ya nyumba ni mambo ya kuiga kutoka Ulaya au Dubai. Ukweli ni kwamba Waswahili wa pwani walikuwa na ufundi huo karne nyingi zilizopita. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 bado zipo kuta za zidaka, yaani safu za vishubaka vilivyochongwa kwa plasta ya chokaa na kuzungushiwa mapambo. Chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa.

Mafundi wale walifuata kanuni ambayo inatufaa hata leo: walipamba kwa kitu kilichopatikana karibu na kilichostahimili hewa ya mahali pao. Dari zao zilikuwa za boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Urembo ulifuata nyumba. Siku hizi wengi wetu tunaanza na picha ya sebule iliyoko kwenye simu, kisha tunataka nyumba iifuate picha.

Dari kwanza, urembo baadaye

Kabla ya kuzungumzia maua na mikanda, mwenye nyumba ajiulize kama paa lake halivuji. Jibu la swali hilo halipatikani mwezi Agosti. Linapatikana kati ya Machi na Mei, mvua za masika zinaponyesha kwa nguvu. Ni vema nyumba mpya ipitishe angalau masika moja ikiwa na mabati bila dari, ili matundu ya misumari, maungio ya kofia na sehemu za mabonde ya paa vionekane na kuzibwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa dari ni hivyo hivyo: tone moja kwa siku linatosha kuchora doa la njano kwenye ua ulilolilipia fedha nyingi.

Jambo la pili ni mbu. Ifakara inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Kituo kilichoanzishwa hapa na Waswisi mwaka 1957 ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na watafiti wake wamefanya kazi kubwa kuhusu njia anazotumia mbu kuingia ndani. Njia kubwa ni ile nafasi iliyo wazi kati ya juu ya ukuta na paa. Mbu wa malaria anayemfuata mtu aliyelala hupanda ukuta kwa nje, hupita hapo na kushuka chumbani.

Nchini Gambia, watafiti walijaribu kuziba nyumba kwa njia mbili na kuchapisha matokeo mwaka 2009 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Nyumba zilizowekewa nyavu kwenye milango, madirisha na nafasi za juu ya ukuta ziliingiwa na mbu wachache zaidi kwa asilimia 59 kuliko nyumba zisizowekewa chochote. Zile zilizowekewa dari ya wavu peke yake zilipata nafuu ya asilimia 47. Upungufu wa damu kwa watoto nao ulipungua katika makundi yote mawili.

Fundisho kwa mkulima ni hili: dari rahisi iliyoziba vizuri vyumba vyote ina faida kubwa kwa familia kuliko dari ya kifahari ya sebule moja huku vyumba wanavyolala watoto vikiwa wazi hadi kwenye mabati. Kama fedha haitoshi kwa vyote viwili, funga vyumba vya kulala kwanza, hata kwa dari ya wavu, ndipo ufikirie ua la sebuleni.

Tahadhari moja hapa. Kuziba nafasi za juu si kuziba hewa. Acha matundu ya hewa kwenye kuta za pembe tatu za paa na uyawekee wavu mgumu. Wavu huo utazuia pia popo, ambao wakifanya makazi juu ya dari mkojo wao hupenya na kuacha madoa na harufu ambayo rangi haiwezi kuiondoa.

Ijue jasi

Mikanda mingi inayouzwa ni ya jipsamu. Jipsamu ni jina la kigeni la jasi, madini ambayo Tanzania inayo. Machimbo yapo Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida, na pia Kilwa mkoani Lindi. Viwanda vya saruji navyo hutumia jasi hiyo hiyo ili saruji isigande mapema.

Jasi ina maji ndani yake. Katika kila kilo moja ya jasi safi, takriban gramu 210 ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Ikichomwa kwenye joto la nyuzi 150 hivi, sehemu kubwa ya maji hayo hutoka na kubaki unga mweupe. Unga huo ukichanganywa tena na maji huyarudisha na kuganda kuwa jiwe, mara nyingi ndani ya nusu saa. Ndiyo maana fundi anaweza kuumwaga kwenye kalibu asubuhi na kutoa mkanda wenye maua kamili kabla ya chai ya saa nne.

Maji hayo yaliyofungwa ndiyo yanayoifanya jipsamu istahimili moto kwa muda, kwani ni lazima yachemke na kutoka kwanza. Kwa mwenye nyumba hiyo ni faida kubwa.

Udhaifu wake uko upande wa pili. Jasi huyeyuka kwenye maji, ingawa polepole: lita moja ya maji inaweza kuchukua gramu 2 hivi. Mkanda unaolowa kila mvua inaponyesha hulainika, huvimba rangi, na hatimaye huachia. Kwa hiyo jipsamu inafaa sebuleni, vyumbani na kwenye korido penye paa zima. Haifai barazani panapopigwa na mvua ya upepo, wala bafuni, wala jikoni panapochemshwa maji kutwa.

Mikanda iliyopo sokoni

Mkanda wa jipsamu ndio wenye maua mengi na mafundi wengi. Ukiwekwa vizuri, maungio yake hufichika kabisa baada ya kupigwa rangi. Kasoro zake ni uzito, kuvunjika njiani na kuogopa maji.

Mkanda wa plastiki hauogopi maji wala mchwa na husafishwa kwa kitambaa chenye unyevu. Huu ndio wa bafuni, jikoni na barazani. Kasoro yake ni kwamba hulegea na kupinda ukikaa karibu sana na mabati yenye joto, na wa bei ya chini hugeuka njano.

Mkanda wa povu jeupe gumu, lile linalofungashiwa televisheni, ni mwepesi na hubandikwa kwa gundi tu. Unavutia kwa bei, lakini povu la kawaida huwaka haraka na hudondosha matone ya moto, tena moshi wake ni wa sumu. Nyumba inayotumia vibatari, mishumaa au nyaya za umeme zilizoungwaungwa isiwe na mkanda wa aina hii.

Mkanda wa mbao ni chaguo ambalo watu wa Kilombero wanalisahau ingawa liko mlangoni kwao. Mitiki, ambayo wengine huiita misaji, imepandwa kwa wingi katika wilaya za Kilombero na Ulanga tangu kampuni ya Kilombero Valley Teak ilipoanzishwa mwaka 1992, na wapo wakulima waliopanda ya kwao. Mbao ya kiini cha mtiki ina mafuta ya asili yanayoisaidia kupambana na mchwa na unyevu. Vipande vyembamba ambavyo havifai kwa milango vinaweza kurandwa vikawa mikanda safi ya kuzungushia dari. Hakikisha tu mbao imekauka, na kwamba muuzaji ana hati na risiti halali, kwa sababu mbao isiyo na vibali vya mamlaka za misitu inaweza kukuletea hasara kubwa kuliko bei yake.

Kwa wanaonunua nyumba za zamani au vifaa vilivyobomolewa, kuna onyo. Bodi za kijivu ngumu zilizotengenezwa kwa asbesto zisikatwe, zisipigwe msasa wala kutobolewa ili kuwekwa mikanda. Vumbi lake husababisha saratani. Usikubali kuuziwa hata kwa bei ya kutupa.

Ukubwa na umbo

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuweka mkanda mpana kwenye chumba kifupi. Mkanda mpana hushusha dari machoni, na chumba huonekana kama boksi. Kama kimo cha chumba kutoka sakafuni ni meta 2.4, mkanda wa inchi 2 hadi 3 unatosha. Kwa kimo cha meta 2.7, ambacho ni futi 9 hivi, chukua inchi 3 hadi 4. Mikanda ya inchi 5 au 6 ni ya vyumba vyenye kimo cha meta 3 na kuendelea.

Hapa kwetu kimo kina maana nyingine pia. Ifakara ni mji wa joto, na mabati hutoa joto jingi mchana. Dari ya ngazi mbili au tatu inayoteremka hadi karibu na kichwa huondoa nafasi ya hewa moto kupanda. Aidha, pangaboi linahitaji nafasi ya kuzunguka salama juu ya kichwa cha mtu mzima. Mwenye chumba kifupi ni afadhali aache ngazi na kuweka mkanda mmoja mwembamba.

Kuhusu umbo, fikiria nani atafanya usafi. Maua yenye mikunjo mingi hukusanya vumbi la barabara za udongo, utando wa buibui na moshi wa mkaa. Baada ya mwaka mmoja hayaonekani tena kama maua. Mkanda wenye mistari miwili au mitatu iliyonyooka hupanguswa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mti wa ufagio, na hauchuji machoni mitindo inapobadilika.

Hesabu kwa magunia

Mikanda huuzwa kwa kipande, hivyo mwenye nyumba anapaswa kujua urefu anaohitaji kabla ya kwenda dukani. Chukua nyumba yenye sebule ya meta 5 kwa 4, vyumba vitatu vya meta 3.5 kwa 3, na korido ya meta 6 kwa 1.2.

Mzunguko wa sebule ni meta 18. Kila chumba kina meta 13, hivyo vyumba vitatu ni meta 39. Korido ina meta 14.4. Jumla ni meta 71.4. Kama kipande kimoja kina urefu wa meta 2.4, nyumba nzima inahitaji vipande 30, na ukiongeza vya kukatia pembe na vitakavyovunjika utafika 33. Sebule peke yake inahitaji vipande 8, pamoja na kimoja cha akiba vinakuwa 9.

Bodi za dari nazo zihesabiwe. Eneo la nyumba hiyo ni meta za mraba 58.7. Bodi ya meta 1.2 kwa 2.4 hufunika meta za mraba 2.88, kwa hiyo zinatakiwa bodi 21, na ukiweka asilimia 10 ya mabaki ni bodi 23.

Sasa geuza fedha kuwa mpunga. Chukua gharama yote ya mikanda, maua, gundi, usafiri na ufundi, igawe kwa bei ya gunia ya siku hiyo. Tuseme urembo wa nyumba nzima umegharimu magunia 12. Kwa kuwa sebule ni robo tu ya mzunguko wote, kupamba sebule na kuacha vyumba vikiwa na fito nyembamba za kawaida kutagharimu kama magunia 3. Magunia 9 yanabaki ghalani.

Magunia hayo yana kazi. Mkulima anajua kwamba bei ya mpunga huwa chini wakati kila mtu anavuna, na kwamba aliyeweza kuhifadhi hupata nafuu miezi ya mbele mchele unapoadimika. Anayeuza mpunga wote mwezi Juni ili anunue maua ya dari, kisha Desemba akakopa kwa ajili ya kulima na kununua mbegu, amelipia maua hayo kwa bei ambayo haikuandikwa kwenye risiti ya duka.

Bahati nzuri ni kwamba mikanda inaweza kusubiri. Dari ikishawekwa sawasawa, mkanda unaweza kuongezwa mwaka unaofuata bila kubomoa kitu. Kazi igawanywe kwa misimu: mwaka wa kwanza paa na nyavu, wa pili fremu na bodi, wa tatu urembo wa sebule.

Dukani na njiani

Unapochagua mkanda wa jipsamu, usiangalie uso wake tu. Ugeuze uone mgongo. Mkanda mzuri una nyuzi ndani yake, mara nyingi za katani, ambazo huushika usikatike vipande. Ufundi wa kutia nguo na nyuzi ndani ya plasta ulisajiliwa London mwaka 1856 na Mfaransa Leonard Desachy. Katani yenyewe ililetwa nchini mwetu na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mkoa wa Morogoro bado una mashamba yake.

Ugonge kidogo kwa kidole. Uliokauka hutoa mlio mkavu, wakati mbichi una mlio mzito na ukiushika ni wa baridi. Mbichi usiununue, kwa kuwa utapinda ukishabandikwa. Uweke kwenye sakafu bapa uone kama umenyooka. Weka vipande viwili ncha kwa ncha uone kama maua yanakutana, na ununue vyote siku moja kutoka kalibu moja.

Kutoka Dar es Salaam hadi Ifakara ni takriban kilometa 400, na kila kilometa ni nafasi ya kuvunjika. Mikanda isafirishwe ikiwa imesimamishwa kwa ubavu, imefungwa pamoja na kuwekewa maranda au magodoro ya nyasi kavu, na turubai juu. Kubaliana mapema na muuzaji na mwenye lori nani atabeba hasara ya vipande vitakavyofika vimekatika. Makubaliano hayo yaandikwe.

Kazi ya fundi

Dari nyingi zinazopasuka hazikuharibiwa na bodi. Ziliharibiwa na fremu ya mbao iliyo juu yake, ile ambayo mafundi huiita blandaringi. Mbao mbichi ikikauka hupinda na kuvuta bodi, na ufa hutokea pale pale mkanda unapokutana na ukuta. Dai mbao kavu, iliyopakwa dawa ya mchwa, na nafasi kati ya mbao na mbao isizidi sentimeta 40 hadi 45 kwa bodi nyembamba. Misumari na skrubu ziwe zile zisizoshika kutu.

Kabla ya mikanda, fundi apime kama pembe za chumba ni mraba. Apime meta 3 kwenye ukuta mmoja na meta 4 kwenye ukuta wa pili kuanzia kona hiyo. Umbali kati ya alama hizo mbili unapaswa kuwa meta 5 kamili. Kama haufiki au umezidi, kona haiko sawa na mikato ya nyuzi 45 haitakutana, kwa hiyo fundi atahitaji kurekebisha kila mkato. Fundi asiyejua kipimo hiki atajaza nafasi kwa unga wa jipsamu, na pengo hilo ndilo litakalopasuka kwanza.

Pangaboi na taa nzito zifungwe kwenye mbao imara ya kenchi. Zisining'inizwe kwenye bodi wala kwenye ua. Nyaya zipitishwe na kukaguliwa na fundi umeme mwenye leseni kabla bodi hazijafungwa, maana baada ya hapo kosa lolote litamaanisha kukata dari.

Malipo yagawanywe. Nunua vifaa mwenyewe au mtume mtu unayemwamini, mlipe fundi kwa hatua, na ubakize sehemu ya fedha hadi rangi ikauke na taa ziwake. Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ambapo hewa ni kavu na plasta hukauka vizuri.

Nafasi kwa mfanyabiashara mdogo

Kuvunjika kwa mikanda njiani ni hasara kwa mnunuzi, lakini kwa kijana wa Ifakara ni mlango wa biashara. Kutengeneza mikanda hakuhitaji mashine kubwa. Kunahitaji kalibu za mpira au za fayabaglasi, meza ndefu iliyo bapa kabisa, unga wa jipsamu, nyuzi za katani, maji safi na banda lenye kivuli na hewa inayopita. Unga huo husafirishwa kwenye mifuko bila kuvunjika, tofauti na mikanda.

Siri ya kazi ni usafi na haraka. Unga humwagwa kwenye maji, si maji kwenye unga, na huchanganywa kiasi kidogo kidogo kwa kuwa huganda upesi. Mabaki yaliyoganda kwenye ndoo yasichanganywe na unga mpya, kwani hufanya unga mpya ugande kabla haujaenea kwenye kalibu. Asiyejua asizamishe mkono kwenye mchanganyiko mzito na kuuacha humo, maana jipsamu ikiganda hutoa joto linaloweza kuunguza ngozi. Kifunika pua na mdomo ni lazima wakati wa kupiga msasa.

Mkanda uliotoka kwenye kalibu ukaushwe kivulini kwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa. Hapa ndipo wengi huharibu jina, kwa kuuza mbichi ili wapate fedha haraka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: mteja mmoja ambaye dari yake imenyooka miaka mitatu atakuletea wateja wa mtaa mzima.

Soko la bidhaa hiyo halikomei mjini. Tangu daraja la Mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, mzigo wa kwenda Ulanga na Malinyi hausubiri tena kivuko. Anayetaka kuanza anaweza kuulizia ushauri SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, au kujifunza ufundi wa ujenzi katika vyuo vya VETA. Aanze na kalibu mbili au tatu za mistari rahisi ambazo watu wengi hununua, kabla ya kuweka fedha kwenye maua yanayouzwa mara moja kwa mwaka.

La kuzingatia

Mwenye nyumba anayejiandaa kwa kiangazi kijacho afuate mpangilio huu: akague paa wakati wa masika, aweke nyavu na kuziba nafasi za mbu, aweke dari katika vyumba vya kulala, kisha apime sebule na kugeuza gharama ya mikanda kuwa magunia. Kama magunia hayo yakitoka bado ghalani pana ya chakula, ya mbegu na ya kulimia, anunue mkanda anaoupenda. Kama hayatoshi, dari yake nyeupe iliyoziba vizuri inaweza kukaa msimu mmoja bila ua, na watoto wakalala bila mbu.